Kabla ya kumchagua mpangishaji wa tovuti, hakikisha utaweza kumhama

Msomaji mmoja ambaye ni fundi cherehani ameniandikia hivi: "Nina tovuti ndogo ya WordPress, ile programu ya kuendeshea tovuti. Naonyesha nguo ninazoshona, na wateja wanaagiza kwa kujaza fomu. Mkataba wangu na kampuni inayonihifadhia tovuti unaisha baada ya wiki 7. Tovuti imekuwa nzito sana, na mara nyingine haifunguki kabisa. Nimetazama kampuni nne nyingine, zote zinaahidi nafasi isiyo na kikomo na kuwa hewani asilimia 99.9 ya muda. Kijana aliyenitengenezea tovuti anasema nihamie VPS, yaani fungu la seva linalokuwa langu peke yangu. Nichague ipi?"

Dada yangu, umeuliza mapema, na hilo peke yake limekuokoa na mengi. Wengi huniandikia tovuti ikiwa imeshazimwa, na hapo hakuna tena kuchagua. Mtu anakimbilia popote panapompokea.

Sitakuchagulia kampuni kwa jina. Kampuni za upangishaji hununuliwa na kuuzwa, na ile iliyosifiwa miaka mitatu iliyopita huenda leo imebaki na jina na nembo tu, huku mafundi wake wote wameondoka. Tena majina mengi yanayoonekana kushindana yana mmiliki mmoja. Tarehe 2 Agosti 2013, hitilafu katika kituo kimoja cha data huko Utah, Marekani, iliziangusha kwa mpigo kampuni za upangishaji za Bluehost, HostGator, HostMonster na JustHost. Zote nne zilikuwa chini ya Endurance International Group. Mtu aliyeweka tovuti moja huku na nyingine kule kwa kujihami alizikosa zote mbili. Vilevile, zile orodha za "wapangishaji kumi bora" unazozikuta mtandaoni, nyingi zimeandikwa na watu wanaolipwa kamisheni kila msomaji anapobofya kiungo na kununua. Zisome, lakini ujue anayekushauri analipwa na nani.

Ninachoweza kukupa ni kipimo. Watu wengi huanza na bei au kasi. Mimi huanza na swali moja: siku nikitaka kuondoka, nitaondoka na nini? Mpangishaji unayeweza kumwacha ndani ya siku mbili bila kupoteza kitu hawezi kukuumiza sana, hata akiharibika. Usiyeweza kumwacha amekushika, hata kama leo anakuhudumia vizuri.

Jina ni la nani?

Tovuti yako ina sehemu nne ambazo mara nyingi huuzwa kwa pamoja, kiasi kwamba mteja anadhani ni kitu kimoja. Kuna jina la kikoa, yaani anwani watu wanayoiandika kwenye kivinjari. Hilo husajiliwa kwa msajili na kulipiwa kwa mwaka. Kuna seva, kompyuta inayokaa kwenye kituo cha data na kuhifadhi mafaili yako. Hiyo ndiyo unayopangishwa. Kuna tovuti yenyewe: picha, maandishi, na hifadhidata inayotunza kurasa na oda. Halafu kuna barua pepe. Kila sehemu inaweza kukaa kwa kampuni yake, na DNS, mfumo wa majina wa mtandao, ndiyo inayoziunganisha, kwa kuwa ndiyo inayojibu kwamba jina hili liko kwenye seva ile.

Jina la kikoa ndilo la thamani kuliko yote. Seva hubadilishwa kwa saa chache, lakini jina likipotea hulirudishi kwa pesa ndogo, na pengine hulirudishi kabisa.

Hili nalisema kwa uchungu. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilichukua ofa ya "jina bure ukilipia seva". Kampuni ile ilisajili jina langu kwa barua pepe yake yenyewe, nami sikuuliza. Mambo yake yakaenda kombo, simu zikawa hazipokelewi, na tahadhari zote za kwamba jina linakaribia kuisha muda zilikuwa zinaingia kwenye sanduku ambalo halikuwa langu. Mafaili nilikuwa nayo yote. Anwani sikuwa nayo. Nikaanza upya na jina jingine, na kila kiungo ambacho watu walikuwa wamekiweka kunielekezea wageni kikawa kinafika pasipo na kitu. Ndiyo maana mtu akiniambia "hayo anayashughulikia kijana wangu", moyo hunidunda.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kuangalia kampuni yoyote, muulize kijana wako jina limesajiliwa wapi na kwa barua pepe ya nani. Si kwamba nina shaka na uaminifu wake. Anaweza kuugua, kusafiri, kupoteza simu, na jina likaisha muda hapohapo. Akaunti ya msajili iwe kwa barua pepe yako wewe, nenosiri liwe mkononi mwako, uthibitishaji wa hatua mbili uwashwe, na malipo yajirudie yenyewe. Kwa majina ya .com, muda ukiisha kwa kawaida kuna kipindi cha huruma, kisha siku 30 ambazo kulikomboa kunagharimu zaidi, kisha siku 5 za mwisho, halafu jina linafunguliwa kwa yeyote atakayewahi.

Wengi hawajui pia kwamba kumhama mpangishaji hakukulazimishi kuhamisha jina. Jina libaki lilipo, ubadilishe tu DNS ielekee seva mpya. Hilo ni muhimu kwako ikiwa jina lako ni la karibuni, maana kwa majina kama .com huwezi kwa kawaida kulihamishia kwa msajili mwingine kabla ya siku 60 tangu lilipoandikishwa au kuhamishwa mara ya mwisho, na wiki zako 7 ni siku 49.

Kusoma matangazo

"Nafasi isiyo na kikomo" haipo. Diski ni kitu cha kushikika, ina mwisho. Kinachofanyika ni kwamba kikomo kimehamishiwa mahali usipopaangalia. Fungua masharti ya huduma, tafuta sehemu inayozungumzia matumizi ya haki, na utaona kikomo cha idadi ya mafaili, cha muda wa prosesa, cha memori, na cha maombi ya wageni wanaofungua kurasa yanayoweza kushughulikiwa kwa wakati mmoja. Idadi ya mafaili ndiyo huwakamata watu wenye picha nyingi kama wewe. WordPress ikipokea picha moja kubwa huitengenezea nakala kadhaa za ukubwa tofauti, hivyo picha moja ya gauni inaweza kuwa mafaili sita au saba. Kwenye seva nyingi kila barua pepe iliyohifadhiwa nayo ni faili. Picha elfu chache na barua za miaka miwili, na umeshafika ukingoni huku diski ikiwa bado nusu tupu.

Asilimia 99.9 nayo inasikika kama mia. Mwaka una saa 8,760. Moja katika elfu ni karibu saa 8 na dakika 46. Kwa mwezi wa siku 30 ni dakika 43. Kiwango hicho ni cha heshima kwa tovuti ndogo, sikilaumu. Ila soma fidia yake: kwa kawaida ahadi ikivunjwa unapunguziwa sehemu ya ada, wala hakuna anayekulipa oda ulizokosa, na matengenezo yaliyotangazwa huwa hayahesabiwi. Zipo huduma za bure zinazoibisha hodi kwenye tovuti yako kila dakika 5 na kukuandikia inapozimika. Washa moja leo, uache ihesabu kwa mwezi mzima, na utakuwa na ushahidi wako mwenyewe.

Bei uitazamayo iwe ya mwaka wa pili. Bei ya kwanza ni ya kukuvuta, na mara nyingi inakudai ulipie miaka mitatu kwa mkupuo. Kampuni usiyoijua ilipie muda mfupi uwezekanao, hata kama kwa mwezi inaonekana ghali zaidi. Tofauti hiyo unainunulia uhuru wa kuondoka.

Cheti cha usalama, kile kinachofanya anwani ianze na https, kisikutoe pesa. Huduma ya Let's Encrypt inatoa vyeti bure tangu 2015, na mpangishaji makini hukuwekea na kukuhuishia bila wewe kuomba. Anayekuuzia cheti cha kawaida kana kwamba ni anasa, mimi humpita. Vivyo hivyo kwa PHP, lugha inayoiendesha WordPress: uliza wana matoleo gani. Toleo la 7.4 liliacha kupata marekebisho ya usalama mwezi Novemba 2022, na ukikuta hilo ndilo jipya kuliko yote waliyo nayo, funga ukurasa.

Pima kabla ya kulaumu

Sasa huo uzito. Usihame kabla hujajua unatoka wapi, maana unaweza kulipia seva mpya ukauhamishia tatizo lilelile.

Fungua tovuti yako kwenye kompyuta, bonyeza F12, ingia sehemu ya mtandao, kisha ufungue ukurasa upya. Bofya mstari wa kwanza, na sehemu ya muda itakuonyesha seva ilichukua muda gani kabla ya kutuma baiti ya kwanza. Google huhesabu sekunde 0.8 au pungufu kuwa nzuri. Ikiwa baiti ya kwanza inafika kwa sekunde 0.4 lakini ukurasa unakamilika baada ya sekunde 9, seva haina kosa. Umepakia picha za megabaiti nne nne kama zilivyotoka kwenye simu. Zipunguze, na tovuti itapona bila kuhama.

Ikiwa baiti ya kwanza yenyewe inachukua sekunde 3, fanya jaribio jingine, ambalo kijana wako ataliweza kwa dakika moja. Aweke kwenye seva hiyohiyo faili moja la HTML (ukurasa mtupu usiopitia WordPress) lenye sentensi moja tu, mlifungue. Likifunguka papo hapo, seva iko sawa na mzigo uko ndani ya WordPress: programu-jalizi nyingi (vile viongezo vya WordPress), hifadhidata iliyojaa takataka, au kukosa akiba ya kurasa, kiasi kwamba kila mgeni anapikiwa ukurasa upya toka mwanzo. Nalo likikawia, basi ni seva iliyosongamana au iliyo mbali mno na wageni wako. Nimewaona watu wakihama mara tatu kwa sababu ya programu-jalizi moja, na jaribio hili lingewaonyesha siku ya kwanza.

Na inapogoma kufunguka, andika saa na namba ya kosa. Namba 508 kwenye seva za pamoja, zile zinazobeba tovuti za wateja wengi, kwa kawaida maana yake umegonga kikomo cha rasilimali za mpango wako. Namba 503 husema seva imeelemewa au iko matengenezoni. Ukiandikiwa kwamba WordPress imeshindwa kuunganika na hifadhidata, hilo ni jambo jingine tena. Mhudumu akipelekewa namba na saa hutafuta kwenye kumbukumbu za seva. Akipelekewa "tovuti haifunguki" atakujibu ujaribu tena.

Kuhusu VPS, natofautiana na kijana wako, ingawa naelewa anakotoka. Kwenye seva ya pamoja mnaishi wapangaji wengi ndani ya kompyuta moja, na jirani akizidisha kelele nawe unakosa usingizi. VPS inakukatia fungu lako la prosesa na memori, na ndani yake unakuwa na mfumo endeshi wako. Uzuri wake ndio ugumu wake: mfumo huo lazima mtu auhuishe, auwekee ngome, asome kumbukumbu zake, auchukulie nakala. Isiposimamiwa hudukuliwa, na mwenyewe hujui mpaka wateja wakuambie tovuti inawapeleka kwenye kurasa za kamari. Muulize: nani ataihuisha kila wiki, na nani ataamka ikizimika usiku? Akikubali na mkaandikiana, au ukipata VPS ambayo kampuni yenyewe inaisimamia, sawa. Vinginevyo, kwa tovuti ya picha na fomu yenye wageni mia chache kwa siku, seva ya pamoja iliyo nzuri, yenye akiba ya kurasa, inakutosha na kubaki. VPS tuirudie siku namba 508 itakapokuja mara kwa mara hata baada ya kusafisha.

Mahali seva ilipo pana uzito wake, nalo ni suala la fizikia. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa umbali wa kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni milisekunde 100 kwa uchache, na ukurasa salama unahitaji safari kama tatu hivi kabla ya neno la kwanza kuonekana. Chagua kituo kilicho karibu na wateja wako, hata kama wewe uko mbali nacho. Ikiwa wametawanyika, tumia huduma inayosambaza nakala za picha zako kwenye miji mingi. Cloudflare wana mpango wa bure unaotosha tovuti ya ukubwa wako.

Nakala rudufu

Usiku wa tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo la SBG2 la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Hiyo si kampuni ya vichochoroni. Ni miongoni mwa kubwa kabisa barani Ulaya. Baadhi ya wateja walikuwa na nakala rudufu, ila zilikuwa palepale palipoungua, na zikaondoka pamoja na tovuti.

Kwa hiyo mpangishaji akisema "tunachukua nakala kila siku", endelea kuuliza. Mnazitunza siku ngapi? Ziko jengo gani? Ninaweza kuirejesha mwenyewe, au naomba na kulipia? Majibu yakiwa mazuri, bado uwe na yako. Kila wiki pakua nakala uiweke kwenye diski yako na nyingine mahali pa tatu. Na hakikisha ina mafaili pamoja na hifadhidata. Nimeletewa mara nyingi nakala za WordPress zenye picha na mandhari (mafaili ya muonekano wa tovuti) tu, na mwenyewe akiamini yuko salama, kumbe maandishi yote na oda zote hukaa kwenye hifadhidata, ambayo hakuna aliyeichukua. Kisha irejeshe mahali pa majaribio angalau mara moja. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa hujui kama ni nakala.

Barua pepe, nakushauri uitenge na seva ya tovuti. Kwenye seva ya pamoja mnatumia anwani moja ya IP, namba inayoitambulisha seva mtandaoni, na jirani akituma barua taka, zako nazo huanza kukataliwa. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti: barua isiyo na uthibitisho wa SPF au DKIM, yaani rekodi zinazoonyesha kwamba imetoka kweli kwa mwenye jina, ina hatari ya kuishia kwenye taka au kurudishwa. Hili linakugusa moja kwa moja, kwa sababu fomu ya WordPress, ikiachwa ilivyo, hutuma oda kwa njia dhaifu kabisa, kupitia seva yenyewe. Tazama folda yako ya taka leo hii. Huenda kuna wateja wanaokusubiri humo. Mwambie kijana aiunganishe fomu na akaunti halisi ya barua pepe kwa SMTP, njia ya kutuma barua kwa kuingia kwenye akaunti hiyo.

Hizo kampuni nne zako ziandikie zote swali hilihili, Jumapili jioni, kabla hujalipa chochote: "Mpango wenu wa chini una kikomo gani cha idadi ya mafaili na cha maombi kwa wakati mmoja, na nikiondoka nitapata nakala kamili ya akaunti yangu?" Atakayekujibu kwa namba anajua kazi yake. Atakayekutumia kiungo cha tangazo, ndivyo atakavyokujibu pia siku ya dharura. Jibu hilo lina uzito kwangu kuliko nyota zote za wakaguzi.

Ukishapata mmoja, hama bila haraka. Wiki ya kwanza ni ya jina na nakala, ya pili na ya tatu ni za kupima na kusafisha. Ya nne lipia seva mpya, nakili tovuti, na muifungue kwa anwani ya muda huku ya zamani ikiendelea kuhudumia wateja. Jaza fomu mwenyewe, uone oda inafika. Siku mbili kabla ya kugeuza, punguza muda ambao kompyuta nyingine hukumbuka jibu la DNS (TTL) uwe sekunde 300 ili mabadiliko yasambae haraka. Siku yenyewe, funga fomu kwa saa chache, nakili hifadhidata mara ya mwisho, geuza rekodi ya tovuti peke yake, na usiziguse rekodi za MX zinazopokea barua pepe. Mkilazimika kubadilisha seva zote za majina (zile zinazotunza rekodi za DNS), zinakilini rekodi za MX upande mpya kwanza, la sivyo barua zitaacha kuingia na hutapata onyo lolote.

Akaunti ya zamani iache hai wiki mbili zaidi. Kabla ya kuifunga, ingia ndani yake mara moja uone kama kuna oda iliyoingilia huko, upakue na barua pepe zote za zamani, kwa sababu wakishaifuta hawarudishi. Na ukipata ile namba ya kosa, niandikie pamoja na saa yake, tuitazame kabla hujalipa mtu yeyote.